Kidole Kilichofungwa Kitambaa

Jirani yangu wa pale Chuno, mbangua korosho, ana mikono myeusi kama sufuria ya kuni. Mafuta ya maganda yamemuunguza ngozi, na majivu anayojipaka hayasaidii sana. Anapiga jiwe mara moja tu, korosho inatoka nzima. Lakini tangu kampeni za mwaka 2000 zianze, kidole kidogo cha kushoto alikifunga kitambaa, akawa anabangua amekiweka kando. Nikamuuliza kama kinauma. "Wala," alisema, akapiga jiwe.

Siku ya kura alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Karani akaitazama mikono yake. "Mama, wewe si umeshapiga? Wino huo hapo." Mawakala wa vyama wakainua vichwa, maana uchaguzi uliopita mbunge alishinda kwa tofauti ya kura kumi na moja tu. Jirani yangu akafungua kitambaa taratibu. Kidole kilikuwa safi, peke yake.

"Tisini na tano mlinirudisha nyumbani kwa maneno hayohayo," alisema. "Haya, kichovye."

Kesho yake nilimkuta barazani anabangua. Nilikitafuta kidole chenye wino, sikukiona. Vyote kumi vilikuwa vyeusi.