Kibafle cha Siku ya Mahari

Siku ya mahari ya binti yangu Keren, wakwe walijua siri yetu kabla hatujafungua mdomo. Na tulikuwa tumejifungia chumbani!

Nilishuku uchawi. Kumbe mchawi ni mimi.

Mimi ni Edouard, wa Makomeno, hapa Lubumbashi. Marehemu baba, mtu wa reli, aliniachia bafle mbili za zamani, zile spika za mbao zinazonifikia kifuani. Nikifungulia rumba, vikombe vya jirani vinacheza. Nilizionea fahari kupita kiasi.

Mahari ilipokaribia, mke wangu Régine alisimama katikati ya sebule.

"Papa Keren, bakwe bataikala wapi? Ku magoti yako?"

"Bafle ya papa haiende fasi yoyote, itabakia hapa."

"Basi, bafle njo itaolewa, si Keren."

Nikanywea. Nikazunguka mjini hadi miguu ikauma, natafuta kitu kidogo chenye sauti kubwa. Nikapata kibafle cha ukubwa wa chupa ya bia, kinaungana na simu bila waya.

"Iko na kila kintu, papa," muuzaji akasema. "Ata micro iko ndani."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Maikrofoni ya nini? Sikuuliza.

Bafle za baba tukazisukuma chumbani.

Wakwe wakaja kutoka mtaa wa Bel-Air. Kibafle kikaimba taratibu juu ya kabati, nami nikavimba. Tulipoambiwa tutaje mahari, tukaomba ruhusa kama desturi, tukaingia chumbani kushauriana: mimi, Régine na shangazi Chileshe, aliyekalia bafle.

Mpango wangu ulikuwa mbuzi kumi. Keren alishanionya: "Papa, ukibafukuza, sitakusamehe." Na mchumba wake, Sylvain, ni kijana mzuri. Niliogopa kweli wasije wakaondoka. Lakini baba wa binti lazima ajikweze kidogo, au siyo?

Bila neno la kaka yangu mkubwa, yaya Jeannot, hatuamui kitu. Yeye alikuwa kwake, mji wa Kambove, miguu inamsumbua. Simu yangu ikalia. Ni yeye.

"Allo! Yaya! Allo!"

Kimya. Nikapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama. Nikachoka, nikakata.

"Réseau ya Kambove iko mubaya," nikaulaumu mtandao wa simu kwa uhakika wote.

Tukarudi sebuleni. Wakwe wamebana midomo, mabega yanatikisika. Keren yuko mlango wa jikoni, ameficha uso kwenye kitenge.

Nikakohoa. "Siye tunaomba mbuzi kumi."

Mzee Chama, msemaji wao, akainua mkono polepole.

"Papa Edouard, yaya yako alishasema."

"Alisemea wapi?"

Akaonyesha kibafle.

"Anasema: 'Edouard, acha kujionyesha! Ata balete mbuzi moja, itika. Jana si ulilia ku simu, unasema bakikatala utakufa na haya?' Yaya alifikiri ni weye anasemesha. Tulimusalimia. Tulimuuliza na miguu, iko afazali."

Mama yangu! Simu ilikuwa bado imeungana na kibafle. Sauti ya yaya yote ilitokea sebuleni, na ile micro ikampelekea majibu ya wakwe. Nilitamani kujificha ndani ya bafle ya baba.

"Tutaleta mbuzi mbili," Mzee Chama akasema. "Moja ya Keren. Ya pili ya kukunyamazisha weye."

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Keren akaja akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Papa, kumbe ulilia?"

Nikalia tena, safari hii hadharani.

Jamani, ukinunua kitu kipya, uliza kinafanya nini, hata kama utaonekana mshamba. Mimi niliona haya kuuliza neno moja dukani, nikaaibika mbele ya koo mbili.

Keren ameolewa. Kibafle nimempa aende nacho. Bafle za baba nimezirudisha sebuleni, Régine mwenyewe akinisaidia kuzisukuma.

Nafasi ipo sasa.