Viti Visivyokalika

Nakumbuka vizuri siku niliyomfukuza mama yangu mzazi kwa vitambaa vya kufuma. Cheka tu, mwanangu. Hata mimi nacheka, ingawa siku ile sikucheka.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini. Nilikuwa karani mpya, mume mpya, kichwa kimejaa sebule za wakubwa. Nikapaka kuta chokaa, nikanunua viti, kila mgongo nikauvika kitambaa cheupe. Mikeka nikaitupa stoo. Jiko la mkaa nikalipiga marufuku ndani, lisitie masizi. Na huo ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya kwetu unaijua. Mimi mwenyewe, mpenda nyumbani kuliko paka, nilikuwa najibanza jikoni nisije nikaiharibu sebule yangu.

Mama akaja kutoka Iringa kumsubiri mjukuu wake wa kwanza. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na hakimu, miguu kaikunja asikanyage zulia. Akiegemea, akiinuka, mimi nyuma yake nanyoosha kitambaa. Haikupita wiki akafunga kapu lake, akasema kwa adabu kwamba amewakumbuka kuku wake. Mke wangu, tumbo limeshashuka, aliniambia bila kupaza sauti, "Mama akipanda basi, nami napanda."

Nilimkuta mama kwa jirani yetu, Mama Ambilikile, Mnyakyusa asiyejua kumung'unya maneno. Mama yangu alikuwa jikoni anamenya ndizi, miguu kainyoosha motoni, anacheka. Kicheko kile nyumbani kwangu sikukisikia hata mara moja. Nikapiga goti, nikamwomba abaki. Akauliza tu, "Nitakaa wapi, mwanangu?"

Nikarudi mbio. Mikeka ikatandikwa, jiko likaingia, dirisha likaachwa wazi kidogo. Vitambaa vikaenda kufunika maziwa. Mama akabaki, na mtoto wangu wa kwanza akapokewa na mikono yenye joto. Hadi leo namshukuru Mungu kwa kila doa la masizi kwenye ukuta ule.

Pamba nyumba yako, mwanangu, sikukatazi. Ila anza na mahali pa kunyoosha miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayelinda vitambaa haponi. Mungu akujalie nyumba inayokalika, na watu wa kuichafua.

Nimesema mengi. Mama Ambilikile, alipochungulia siku ile akamwona mama kajilaza mkekani na mke wangu kamwegemea, alimaliza yote akiwa bado mlangoni: "Sasa hapa mtu anaweza kuzaliwa. Mwanzo palifaa kulaza maiti tu."