Sita Nukta Nane

Kompyuta yangu ya kwanza iliombewa mpaka ikapoteza herufi tatu.

Ilikuwa ya mtumba, imetoka Ulaya, nami niliileta nyumbani, mtaa wa Panda, nimeifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kwetu kitu kikubwa hakitumiki kabla hakijaombewa. Pikipiki inaombewa, cherehani inaombewa, mashine ya kusaga mahindi inaombewa. Mama aliifungua mezani, akafumba macho, akachukua ile chupa ndogo ya mafuta ya upako anayoiweka juu ya kabati, akamimina. Mimi nami nilikuwa nimefumba macho, naitikia amina. Tulipofumbua, mafuta yalikuwa yameshazama chini ya vitufe.

"Sasa hakuna pepo itaingia mule," mama akasema.

"Hakuna kitu itaingia tena, mama. Hata courant ya umeme."

Alinichapa mgongoni kwa kile kitenge, tukacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Herufi A, W na N hazikufanya kazi tena. Anayedhani A ni herufi ndogo na ajaribu kuandika Kiswahili bila hiyo.

Naanza na hayo kwa sababu siku ile nilicheka, na katika haya nitakayoyaeleza sina mengine ya kuchekesha.

Mama ni muuza samaki. Tangu baba afariki na kutuachia nyumba ya kambi ya wafanyakazi, yeye hupanda gari la alfajiri kwenda ziwa Tshangalele, hununua samaki ufukoni kwa wavuvi, na saa tatu yuko sokoni mjini na beseni lake. Samaki wanaobaki tunawala na bukari, ugali wetu. Ada ya shule yangu ilitoka kwenye beseni lile, viatu vyangu pia, hata hiyo kompyuta. Nikisema nimesomeshwa na ziwa sitakuwa nimetia chumvi.

Mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta ulikuwa umejaa virusi, na kila nikiwasha uliniomba leseni nisiyokuwa nayo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la fotokopi karibu na soko, Mwislamu ambaye wazazi wake walikuja kutoka mashariki. Huyu alikuwa na subira ambayo mimi sijajaliwa. Alinipa flash yenye mifumo mitatu ya aina ya Linux, ile ya bure ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma kwa ndani na kuibadilisha.

"Iko wazi yote," akaniambia. "Unaweza kusoma kila mustari. Lakini ujue, kijana, yenye utaandika weye, jina yako njo itabaki pale. Kila kintu benye kubadilisha banaandikwa."

Sikulitia maanani. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Mfumo wa kwanza ulikatikia njiani: umeme ulikwenda nikiwa katikati ya kuusakinisha, na uliporudi nilikuta kioo cheusi chenye kistari kimoja kinachopepesa. Nilikaa nikikitazama kile kistari nusu saa, moyo umenishuka, nikidhani nimeua beseni zima la samaki la mama. Wa pili uliwaka lakini haukuona mtandao hata kidogo. Wa tatu ulikuwa mdogo, mwepesi, hauna urembo wowote, na ulikubali kila nilichouambia. Ndio ulioniwezesha kuhamisha zile herufi zilizokufa na kuzipeleka kwenye vitufe nisivyovihitaji. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho, kikikataa, ningeweza kukifungua na kuona kwa nini kimekataa.

Nilijifunza kuandika programu hivyo, kwa kusoma za wengine. Kisha nikatafuta kazi, na hapo ndipo ukali wangu ulipozaliwa. Miaka miwili nilibeba bahasha ya maombi ya kazi. Ofisi ya kwanza iliniuliza diploma ya wapi, ya pili ikauliza nimeletwa na nani, ya tatu ikachukua bahasha na kunifungia mlango. Mama aliongeza siku za kufunga. Mimi niliongeza matusi, ya chini kwa chini, maana mbele yake siwezi.

Kazi ilikuja kupitia yule mzee wa fotokopi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kiwanda kidogo cha kusafisha madini, sitakitaja. Maji yake machafu hutiwa chokaa ili kuua asidi, halafu huachiwa kwenye mfereji, mfereji huingia mtoni, na mto huishia Tshangalele. Watu wa ziwani walikuwa wamelalamika sana. Basi kiwanda kikaahidi kupima maji kila wakati na kutuma ujumbe wa simu kila asubuhi kwa wakubwa wa vijiji na kwa wanawake wanunuzi wa samaki. Chombo cha kupimia kilikuwepo, ila programu yake ilikwisha leseni. Mhandisi aliyekisimamia alitaka mtu wa bei ndogo.

Nilimtengenezea kwa kompyuta ndogo na ule mfumo wangu wa bure. Ilinichukua wiki tatu. Kwenye kipimo cha asidi, maji safi husoma karibu na saba. Yakishuka chini ya sita, asidi imezidi, na chini ya tano samaki hawawezi. Kila asubuhi simu zikapokea namba: maji leo sita nukta tisa, mazuri. Maji leo saba nukta moja, mazuri. Nikapewa mkataba wa majaribio, na ahadi ya ule wa kudumu. Jina la mama niliingiza mwenyewe kwenye orodha, la kwanza kabisa.

Lo, mama alivyotembea na ile simu! Hasomi sana, lakini namba anazijua. Akifika ufukoni anawaonyesha wenzake. "Mutoto wangu njo anachunga maji," anasema, na wanawake wananunua. Nilijua hayo kwa sababu alinisimulia kila jioni, na kila jioni nilijifanya nimechoka kuyasikia.

Sasa nifike kwenye kosa. Umeme ukikatika na kurudi, kile chombo hupata wazimu kwa dakika kadhaa: kinasema mbili, kinasema kumi na mbili. Asubuhi moja ujumbe ulikwenda na mbili, na wakubwa wa vijiji wakapiga simu kwa hofu. Mhandisi aliniita nirekebishe. Nikaandika mstari mmoja: namba ikitoka nje ya mipaka, chini ya sita au juu ya nane, iache, utume ile njema ya mwisho. Mtu yeyote wa kazi yangu angeandika hivyo. Lakini mtu makini angeweka na kikomo, kwamba baada ya nusu saa acha kusubiri, sema ukweli hata kama ni wa ajabu. Nilikusudia kukiweka.

"Iache vile," mhandisi akasema. "Inatumika muzuri."

Nikaiacha vile. Ulikuwa mwisho wa juma na nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

Mwezi mmoja baadaye chokaa kiliisha. Malori yaliyokuwa yakikileta yalipelekwa kwanza upande wa Kakanda, kwa wateja wakubwa zaidi, na sisi tukaambiwa tusubiri. Kiwanda hakikusubiri. Maji yaliendelea kutoka. Nilikuwa na desturi ya kufungua faili la ndani, lile linaloandika namba halisi kabla ya mstari wangu kuzigusa, ili tu kuona kama kila kitu kinakwenda. Siku hiyo nikaona tano nukta moja. Kesho yake nne nukta nne. Halafu tatu nukta tisa, mchana kutwa, na umeme haukuwa umekatika hata mara moja. Simu ya mama ilikuwa imepokea sita nukta nane.

Nikaenda mferejini na karatasi za kupimia asidi, nikachovya moja, ikawa nyekundu kabla sijahesabu tatu. Nikaenda nayo moja kwa moja ofisini.

"Petit, capteur iko mugonjwa," mhandisi akasema bila kuinua macho, akimaanisha kile chombo.

"Nilipima na karatasi, chef. Angalia."

Aliitazama muda mrefu. Sikumwona kama mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Chokaa inakuya hii juma," akasema. "Ukitosha ile mustari leo, ukiiondoa, bale bantu ba ku ziwa batakuya hapa na mawe. Banafunga kiwanda. Minye ku nyumba, weye ku nyumba." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi zilizopigwa chapa, akaziweka kati yetu. "Contrat yako njo hii. Inangoja signature tu."

Nilirudi kwenye meza yangu. Nikafungua faili, nikaufikia ule mstari. Pembeni yake, kama mifumo ile inavyofanya, kulikuwa na jina langu na saa niliyouandika. Nilimkumbuka mzee wa fotokopi. Kuufuta kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilijiambia juma moja si kitu, ziwa ni kubwa, chokaa kinakuja. Nikafunga faili.

Juma likakaribia kwisha. Chokaa hakikuja. Kila asubuhi sita nukta nane ilikwenda ziwani, na kimya cha namba ile kilianza kunitisha kuliko kelele. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kifo cha nani. Nilikoma kufungua lile faili la ndani. Nyumbani nilisema tumbo linanisumbua, nikala bukari na mboga ya lengalenga, na samaki nikamwachia mama.

Siku ya tisa ya namba ile ilikuwa Jumamosi. Nilirudi mchana nikamkuta mama ndani, beseni limesimamishwa ukutani, kavu. Mama hajawahi kuwa nyumbani Jumamosi mchana. Mezani kulikuwa na bukari na sahani mbili za samaki wa jana, na simu yake katikati.

"Ikala, papa," akasema. Huniita papa, yaani baba, akinipenda sana au akiwa na jambo.

Nikakaa.

"Ku kanisa banatupima tension ya damu kila Siku ya Mungu. Yangu inapanda, inashuka. Ya maman pasteur vile vile. Muntu muzima, namba yake inabadilika." Akanisogezea simu, akapandisha ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa kidole chake chenye makovu ya mapezi. "Juu ya nini maji iko sita nukta nane, sita nukta nane, siku tisa? Maji ya kule ilikufa?"

Kati ya watu wote waliopokea namba zile, wakubwa wa vijiji, wenye shule zao, yeye peke yake ndiye aliyeona. Nilijivunia, Mungu anisamehe. Nilijivunia na kuogopa kwa pumzi moja.

"Imetulia tu, mama," nikasema. "Inafikaka vile."

"Balobaji baliona samaki inaelea ku mudomo ya muto." Balobaji ni wavuvi. "Banamama bote hawakununua leo. Banangoja minye niseme. Banasema, mutoto yako iko kule, weye njo unajua." Akazitazama zile sahani. "Minye siku mbili sikukula samaki. Nilikungoja weye."

Akasukuma sahani moja mbele yangu.

"Kama maji iko muzuri, kula. Minye nitakula kisha yako. Halafu nitaenda kubaambia."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikitoka mtihani, akitaka tu kusikia kwamba nimefaulu. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza hata kuisukuma ile sahani bila kusema lolote, angeelewa, angejifunga kitenge na kwenda kuwaambia wenzake, na Jumatatu kusingekuwa na karatasi za mkataba mezani kwa mhandisi. Niliyawaza yote hayo. Pia niliwaza miaka miwili ya bahasha.

Nikanawa mikono. Nikamega bukari, nikanyofoa mnofu karibu na mgongo, nikala. Samaki alikuwa mtamu kama siku zote, na hilo sikulitarajia. Nilikula upande mmoja, nikamgeuza, nikala wa pili, nikanyonya na kichwa kama ninavyofanya tangu utoto, maana nilijua kichwa ndicho atakachokitazama. Mama hakuondoa macho mpaka nikabakiza miiba.

"Merci Yesu," akasema, na mabega yake yakashuka. Akacheka kidogo, kwa kujionea aibu. "Nilikuwa nawaza bintu ya mubaya tu."

Akavuta sahani yake. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa samaki, kwa maji, na kwa mtoto aliyepewa kazi ya kuyachunga. Maombi yalikuwa marefu. Niliitikia amina mahali pote panapostahili.

Safari hii sikufumba macho. Nilimwona vizuri alipomega tonge la kwanza.