Hodi ya Ndani

Shemeji yangu aliporudi Gando kutoka katika meli ya mizigo, alikuwa akibisha hodi kutoka ndani ya chumba chake, ilhali mlango u wazi, wala hakutoka mpaka dada yangu aitikie, "Karibu." Melini alikuwa amelalamikia chakula kilichooza, nahodha akamfungia chini gizani, na kila alipobisha hapakuwa na wa kumjibu. Wenzake waliolalamika naye walikuwa wangali wamefungiwa humo.

Nilimpeleka Wete kwa ofisa wa bandari.

"Sema, bwana," ofisa akamwambia. "Kulalamika ni haki ya baharia."

Shemeji aliukabili ukuta, akaugonga taratibu. "Hodi."

Ofisa alicheka. "Si umeshaingia?"

"Mimi nimeingia. Wale wangali wabisha. Hamwasikii?"

Kicheko kilikatika. Sote watatu tulisikiliza.

"Karibuni nyote," nikaitikia.

Ndipo shemeji akaanza kueleza.