Mtangazaji Aliyerudi Darasani

Watu walimwita Kengele. Kwa miaka mingi alisoma taarifa ya habari ya asubuhi redioni, kwa sauti nzito na safi, ya kumfanya mtu aache mswaki mdomoni asikilize kwanza. Kisha koo likaanza kumsumbua. Alidhani ni mafua, akapuuza. Alipojikokota hospitali, daktari alikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Upasuaji uliokoa maisha yake, lakini sauti ilikwenda na uvimbe. Akabakiwa na mnong'ono wa kukwaruza.

Redio haina kazi ya mtu anayenong'ona. Kengele akakaa nyumbani, akihama stesheni hii kwenda ile na kuwasonya watangazaji wenzake, hadi mkewe, fundi cherehani, akachoka.

"Baba Pacha," alimwambia bila kuinua macho kwenye mshono, "kilichokatwa ni koo, si kichwa. Hesabu ulikuwa unaziweza kabla redio haijakuteka. Katafute kazi ya kimya."

Ndivyo alivyojikuta chuo kikuu akisomea uchanganuzi wa data kubwa. Siku ya kwanza aliingia na mkoba wake wa ngozi, darasa zima likanyamaza na kufungua madaftari. Walidhani ndiye mhadhiri. Alipokwenda kuketi nyuma, kicheko kilichoangushwa hapo si cha nchi hii, na yeye mwenyewe akacheka, kimyakimya, mabega yakimtikisika.

Mhadhiri alieleza kwamba data kubwa ni zile zinazomiminika kwa wingi na kwa kasi hata kompyuta moja haizimudu, hivyo hugawiwa kompyuta nyingi, kama gogo zito linavyobebwa na wengi. Hilo Kengele alilielewa. Kuandika programu ndiko kulikomtoa jasho. Akisahau nukta moja tu, kioo kilijaa maandishi mekundu.

Aliyemwokoa ni msichana aliyeketi kando yake, ambaye wenzake walimwita Chapuchapu kwa jinsi alivyozichapa herufi.

"Anko, hiyo nyekundu si matusi," alimwambia. "Soma mstari wa mwisho. Inakuonyesha ulipokosea."

Naye Kengele akamlipa kwa alichokuwa nacho. Chapuchapu alikuwa akisimama mbele za watu anatetemeka kama jani. Akamfundisha kuvuta pumzi, kutua, na kutokimbizana na maneno.

Mwaka wa mwisho ukafika, na kila mwanafunzi akatakiwa kufanya mradi. Mamlaka ya maji ya jiji ilikuwa imefunga mita zinazotuma vipimo zenyewe mchana na usiku. Kengele aliamua kutengeneza programu ya kugundua bomba linalovuja chini ya ardhi kabla barabara haijatitia. Majaribio ya kwanza yalimduwaza: programu ilipatia karibu kila mvujo! Chapuchapu alipiga vigelegele, maabara nzima ikageuka. Mkewe akawatangazia wateja wote waliokuja kupimwa nguo.

Wiki ya kutetea mradi, Kengele alikaa kuvipitia vipimo bomba kwa bomba. Ndipo alipoliona kosa. Kila palipokuwa na mvujo, kipimo kilishuka hadi sifuri, kwa sababu fundi alikuwa ameshafika na kufunga bomba. Programu haikuwa ikigundua mvujo. Ilikuwa ikimgundua fundi.

"Nimekuwa nikitabiri mvua kwa kuwatazama waliokwisha kulowa," alimnong'oneza Chapuchapu.

Akaenda kwa msimamizi wake, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, akamweleza yote. Alitarajia kuambiwa arudie mwaka. Mama yule akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Ukamilifu ule ulikuwa unaninyima raha. Nilipanga kukuuliza mbele ya jopo. Sasa toa vipimo vyote vya baada ya fundi kuitwa, uanze upya."

Akaanza upya, akikesha hadi alfajiri, mkewe naye halali. Safari hii programu iligundua zaidi kidogo ya nusu ya mivujo, lakini iliigundua kabla mtu yeyote hajalalamika.

Siku ikawadia. Kengele alisimama ukumbini mbele ya jopo, akafungua kinywa, na kipaza sauti kikatoa mikwaruzo mitupu.

"Hatusikii!" mwenyekiti wa jopo, jibaba la miraba minne, alisema kutoka meza ya mbali.

Kengele akajaribu tena. Mikwaruzo. Akajiona amekwisha. Ndipo jibaba lile likainuka, likanyanyua kiti chake, likaja kukiweka hatua chache kutoka alipokuwa.

"Zima hicho kidude," alisema. "Sisi tuna miguu."

Wenzake nao wakabeba viti vyao, pamoja na bwana mmoja aliyetumwa na mamlaka ya maji. Kengele akazungumza kwa mnong'ono wake, nao wakainama kusikiliza. Hakuficha kosa la kwanza.

"Kwa nini tuamini nusu hii kuliko ule ukamilifu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ule ulimwona fundi. Hii inayaona maji."

Wakamtoa nje. Chapuchapu alikuwa akimsubiri kwenye benchi la korido, lakini yeye hakuweza kuketi. Mlango ulipofunguliwa, msimamizi alikuwa anatabasamu.

"Umefaulu. Karekebishe tahajia tu. Na yule bwana wa mamlaka ya maji anataka mzungumze."

Akaketi palepale sakafuni na suti yake. Chapuchapu akacheka hadi machozi. Kengele akampigia mkewe simu.

"Sema kwa nguvu, cherehani inanguruma!"

"Nimefaulu."

Cherehani ikanyamaza.

"Haya, Baba Pacha," mkewe alisema. "Rudi nyumbani ulale. Na mimi nilale."

Akarudi. Alivua viatu, akajitupa kitandani mchana kweupe na tai yake shingoni, na usingizi ukamchukua kabla hajakumbuka kuifungua.