Chumvi ya Papa kwa Tumbo la Matano

Siku Suud wa Wawi alipomwendea Matano, mcheza ng'ombe mashuhuri, kumtaka amchezee fahali wake katika mchezo wa ng'ombe kule Chokocho, alichukua kikoi kipya na maneno matamu. Matano hakuvigusa.

“Yakhe, naingia uwanjani. Nisipoangushwa, fahali ni wangu.”

Suud alipima upesi. Fahali aliyechezwa na Matano hupata jina, na mwenye jina hugombewa na wanunuzi. Tena mtu mwenyewe mbavu zilishavunjwa kwa pembe na jicho moja limekufa. Ataanguka tu.

“Tumepatana.”

Zumari likalia, kamba ikalegezwa. Matano alimzaba fahali kofi la pua, akaruka kando, akamzaba tena. Safari ya tatu alichelewa. Pembe ilimwingia chini ya kitovu, ikamnyanyua, ikamtupa, matumbo yakamwagika mchangani. Watu walimtwanga fahali kwa magongo mpaka akarudi nyuma.

Mkewe Mwatum, aliyekuja hapo kuuza papa wake wa chumvi, alifika mbio na ndoo ya maji ya chumvi kali.

“Nyama haiozi kwa hii!”

Suud akamsukuma, mkononi ana mtungi wa maji ya mvua. “Utamchoma! Maji masafi ndiyo dawa. Akifa kwa pembe za ng'ombe wangu, nani atamnunua ng'ombe huyu?”

Mwatum alimtia ngumi ya mdomo. Abrahman, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyekuja kutazama mchezo, akaipiga teke ndoo, akaupasua na mtungi.

“Papa kafa, Mwatum! Huyu yu hai!”

Huku amemkandamiza Matano kwa goti, alifoka: nyama hai ni chembe tele, kila moja imezungukwa na utando mwembamba unaochagua cha kupitisha. Maji hupita, chumvi huzuiwa. Chumvi ikizidi nje, maji huzitoka chembe zikasinyaa kama papa. Maji yakiwa matupu, huziingia mpaka utando upasuke.

“Damu nimeiona kwa hadubini! Ukiitia maji ya mvua, chembe zinapasuka kama mapovu. Chemsheni maji, chumvi iwe kama ya machozi, sawa na ya mwilini, basi!”

Maji yaliyochemshwa yalipopoa yakawa vuguvugu, wakayaosha matumbo, Matano ameuma kamba ya ng'ombe, akiitema kila mara ili amtukanie Suud mamaake. Wakayarudisha ndani, wakamfunga, wakambeba kwa kitanda mpaka hospitali ya Chake Chake.

Alipona. Lakini tumbo lilishonwa kombo, hakukimbia tena, na fahali hakumpata, maana aliangushwa. Suud alibaki na ng'ombe ambaye hapana aliyethubutu kumcheza wala kumnunua. Akamchinja.

Mwatum alikuja kudai ngozi iwe fidia ya tumbo la mumewe, na Suud, mdomo bado una kovu, akampa. Mwatum akaitandaza, akaimwagia chumvi kwa viganja viwili.

“Dresa yuko wapi?” alimwuliza Suud. “Mwambie huyu kafa.”