Bomba la Bahari Kuu Darasani

Nichekeni tu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tlawi. Siku ya wazazi nilitaka kuonyesha yale mabomba ya mawe yanayofuka maji ya moto chini kabisa ya bahari, gizani, na bado viumbe wenye vinasaba vya kila namna wamejazana pale. Wanaishije bila jua? Swali hilo halikuniacha nilale.

Asubuhi, baridi kali, nikabeba mzinga mkongwe wa nyuki uliolala nyuma ya nyumba ya baba mkwe, bila kuuliza, uwe bomba langu. Mzito kweli! Nikausifia mti wake kwa uzito huo.

Darasani nikausimamisha, nikaufukizia moshi ufuke kama lile bomba la baharini.

“Joto lote hili, na ndani kuna uhai!” nikatangaza.

Nyuki wakatoka. Wazazi wakatimka. Nikiwa chini ya meza, nikamsikia baba mkwe dirishani:

“Mwalimu, na hao wangu nao ni wa baharini?”